Mwalimu wa Aljebra Aliyepitia Same

Ukitaja jina la Bob Moses hapa Nairobi, wengi watadhani unaongea kuhusu pasta fulani. Mimi nilikutana na jina hilo kwa bahati tu. Nilikuwa nasoma kuhusu Wamarekani weusi waliohamia Tanzania enzi za Nyerere, na katikati ya wanaharakati na wakimbizi wa kisiasa nikakuta jamaa aliyekaa huko miaka mingi akifundisha hesabu katika shule ya sekondari ya Same, chini ya milima ya Upare, si mbali sana na mpaka wetu wa Taveta.

Nikadhani ni hadithi ndogo ya pembeni. Kumbe mtu huyu alirudi kwao na swali ambalo sisi Kenya tumeanza kulijibu juzi tu, tena kwa haraka: nani anastahili kufundishwa aljebra, na ni nani anayeamuliwa mapema kwamba haimfai?

Tuanze mbali kidogo, Mississippi.

Robert Parris Moses alizaliwa Harlem, New York, mwaka 1935. Alisoma falsafa hadi Harvard, kisha akafundisha hesabu katika shule moja ya sekondari New York. Mwaka 1960 aliona kwenye magazeti picha za wanafunzi weusi wa kusini wakiketi kwenye mikahawa ya wazungu na kukataa kutoka. Akasafiri kwenda kuona mwenyewe. Kufikia 1961 alikuwa Mississippi kama mratibu wa SNCC, kamati ya vijana wa harakati, akiwasaidia watu weusi kujiandikisha kama wapiga kura.

Kujiandikisha huko hakukuwa kama kupanga foleni kwa chifu na kitambulisho mkononi. Kulikuwa na mtihani. Ulipewa kifungu cha katiba ya jimbo, ukisome, halafu ukieleze mpaka karani aridhike. Neno zito hapo ni "aridhike." Karani alikuwa mzungu, na hakuwa na mwongozo wowote wa kusahihisha. Mzungu aliyesoma kwa taabu angepita, na mwalimu mweusi angeangushwa. Mwaka 1964, watu weusi waliokuwa wameandikishwa Mississippi hawakufika asilimia 7 ya waliostahili. Ukijaribu sana ulipigwa. Moses mwenyewe alipasuliwa kichwa. Mkulima aliyekuwa akimsaidia, Herbert Lee, alipigwa risasi mchana Septemba 1961 na mbunge wa jimbo, na mbunge huyo hakufungwa hata siku moja.

Kuna kisa ambacho Moses alikisimulia maisha yake yote. Alisimama mbele ya jaji wa serikali kuu, na jaji akamuuliza: mbona unawapeleka watu wasiojua kusoma kujiandikisha kupiga kura? Jibu lake, kwa ufupi, lilikuwa kwamba nchi haiwezi kuwanyima watu shule vizazi na vizazi, halafu ikageuka na kuwaambia hawana haki ya kupiga kura kwa sababu hawana shule. Mwaka 1965 ikapita sheria ya haki za kupiga kura, na mitihani hiyo ya kusoma ikasimamishwa katika majimbo kama Mississippi.

Mwaka uliofuata Moses alipata barua ya kuitwa jeshini, vita vya Vietnam vikiwa vimepamba moto. Alikuwa na miaka 31, umri ambao kwa kawaida hawakuwa wanaitwa tena. Akakimbilia Kanada. Baadaye, mwaka 1969, yeye na mkewe Janet wakafika Tanzania. Miaka miwili tu ilikuwa imepita tangu Azimio la Arusha na maandiko ya Nyerere kuhusu Elimu ya Kujitegemea. Moses akaingia darasani Same, akaongoza idara ya hesabu, na binti yao waliyempata wakampa jina ambalo halihitaji mkalimani kwetu: Maisha.

Mwaka 1976 familia ikarudi Marekani, mji wa Cambridge, Massachusetts. Moses alitaka kumalizia shahada ya uzamifu ya falsafa ya hisabati aliyokuwa ameiacha Harvard kitambo. Na hapa ndipo aljebra inaingia.

Mwaka 1982 Maisha alikuwa darasa la nane. Shule yake haikufundisha aljebra kiwango hicho, na bila aljebra, akifika sekondari angewekwa kwenye madarasa ya hesabu za chini, na kutoka hapo kupanda ni noma. Baba yake alikuwa anamfundisha nyumbani, na Maisha akagoma. Hakutaka kufanya hesabu mara mbili, ya shule na ya baba. Mwalimu wake akapata suluhu: Moses aje darasani, akae na Maisha na wenzake wachache, awafundishe huko huko. Mwaka huo huo Moses alipata tuzo ya MacArthur, pesa za kutosha kumwezesha kufanya kazi hiyo bila kuhangaika na kodi ya nyumba. Mradi aliouanzisha ukaitwa Algebra Project.

Alichokiona darasani kilimkumbusha Mississippi. Watoto walikuwa katika jengo moja, lakini ukitazama nani anafanya hesabu zipi, walikuwa wamegawanyika kwa rangi na kwa mfuko wa mzazi. Hakuna aliyetangaza mgawanyiko huo. Ulijipanga tu, kwa ushauri wa hapa na pale: huyu yuko tayari, huyu bado. Wazazi walipoulizwa maoni yao, karibu kila mzazi alitaka mtoto wake asome aljebra. Walipoulizwa kama kila mtoto aisome, wengi wakasita. Hilo aliliandika pamoja na wenzake mwaka 1989 katika jarida la elimu la Harvard, na mimi nikilisoma nilicheka kidogo, kwa sababu nimeyasikia maneno hayo hayo kwenye ploti yetu. Mtoto wangu ana kichwa. Wale wengine, si lazima.

Hoja ya Moses ikawa hii: zamani lango lilikuwa kusoma na kuandika. Mashine za kuchuma pamba zilipofika, vibarua wa mashambani waliachwa bila kazi na bila shule. Sasa kompyuta zinakuja, na lango jipya ni aljebra. Ukiwaweka watu nje ya lango hilo umewatengenezea shamba jipya la kutumikia.

Sawa, lakini mbinu je? Kusema kila mtoto aisome ni rahisi. Kumfanya aielewe ni maneno mengine.

Moses aligundua kwamba watoto wake walikwama kwenye nambari hasi. Tangu chekechea, swali la hesabu walilolijua lilikuwa moja: ngapi? Maembe ngapi, shilingi ngapi. Ukimwuliza mtoto "ngapi" kisha ukamwonyesha hasi tatu, anakuangalia tu, kwa sababu hajawahi kuona maembe hasi matatu. Aljebra inahitaji swali la pili: upande upi? Kwa hivyo akawatoa darasani, akawapandisha treni ya Red Line inayopita Cambridge na kuingia Boston. Wakarudi wakachora safari. Kisha wakaieleza kwa maneno yao ya kawaida, kisha kwa maneno yaliyopangwa zaidi, na mwisho kabisa ndipo alama zikaingia. Hatua tano: tukio, picha, maneno ya watu, maneno yaliyopangwa, alama.

Hebu tuipande matatu ya Thika Road tuone. Tuchukue vituo vitano tu: Pangani, Muthaiga, Allsops, Roysambu, Githurai. Tuseme Allsops ni sifuri. Roysambu inakuwa 1, Githurai 2. Ukirudi upande wa tao, Muthaiga ni −1 na Pangani −2. Sasa umetoka Githurai, umeshuka Pangani. Umesafiri vipi? Mwisho toa mwanzo: −2 toa 2, unapata −4. Nne ni vituo vingapi umepita. Ile alama ya hasi inakuambia ulikuwa unaelekea tao. Ukigeuza safari, 2 toa −2 ni 4, vituo vinne kuelekea Githurai. Ile kanuni tuliyokaririshwa, kwamba hasi mbili zikikutana zinakuwa chanya, hapa haihitaji kukaririwa. Ni matatu tu inarudi ilikotoka.

Nimejaribu hii na watoto wa ploti. Niliacha chuo nikiwa mwaka wa pili, naandika makala kwa malipo ya kila makala, na Jumapili mchana nawafunza majirani hesabu kwa kitu kidogo. Hakuna aliyeshindwa kuniambia Pangani iko upande gani wa Allsops.

Cha kushangaza ni kwamba, wakati Moses anazunguka na watoto kwenye treni, watafiti sehemu nyingine za dunia walikuwa wanagundua kwa nini aljebra inawashinda wengi, na walichokipata hakikuhusu kuwa na kichwa ama kutokuwa nacho.

London, mradi mkubwa wa utafiti katika Chelsea College uliwapima watoto wa sekondari miaka ya 1970. Dietmar Küchemann ndiye aliyeshughulikia aljebra, na karibu wanafunzi 3,000 wa miaka 13 hadi 15 wakafanya mtihani wake. Swali moja lilikuwa: kipi ni kikubwa, 2n ama n + 2? Eleza. Jaribu kabla hujaendelea. Jibu ni kwamba inategemea: n ikiwa zaidi ya 2, 2n ni kubwa, ikiwa 2, ziko sawa, ikiwa chini ya 2, n + 2 inashinda. Kati ya watoto wa miaka 14, waliopata hilo walikuwa kama asilimia 6. Wengi walisema 2n, kwa sababu kuzidisha "hukuza."

Swali lingine: penseli za bluu ni peni 5 kila moja, nyekundu ni peni 6. Nimenunua kadhaa za kila rangi kwa peni 90. Ikiwa b ni idadi ya za bluu na r ni idadi ya za nyekundu, andika unachojua kuhusu b na r. Jibu ni 5b + 6r = 90. Watoto wengi waliandika b + r = 90, yaani "bluu na nyekundu, peni 90." Kwao b haikuwa nambari. Ilikuwa kifupisho cha penseli ya bluu.

Hapo nilikumbuka walimu tuliopitia kwao wengi wetu, wale wa kusema 3e + 2n ni maembe matatu na ndizi mbili. Inasaidia kwa wiki moja. Halafu siku mnapofika e mara n, unabaki ukijiuliza embe likizidishwa na ndizi linatoa nini. Ile herufi ni idadi, ama bei, ama umri. Daima nambari, kamwe si tunda.

Usidhani hili ni tatizo la watoto pekee. Mwaka 1981 John Clement na wenzake walichapisha matokeo ya wanafunzi 150 wa mwaka wa kwanza wa uhandisi katika chuo kikuu Massachusetts. Waliambiwa waandike mlinganyo wa sentensi hii: katika chuo hiki, wanafunzi ni mara sita ya maprofesa. Tumia S kwa idadi ya wanafunzi na P kwa maprofesa. Asilimia 37 walikosa, na kosa lililotawala lilikuwa 6S = P. Soma tena: linasema ukiwazidisha wanafunzi kwa sita ndipo unawafikia maprofesa. Jibu ni S = 6P. Hawa walikuwa wahandisi watarajiwa. Waliyafuata maneno kwa mpangilio wake, S wakaisoma kama jina la wanafunzi, kama yule mtoto wa London na penseli zake.

Halafu kuna Recife, Brazili. Terezinha Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann waliwaendea watoto watano wa miaka 9 hadi 15 waliokuwa wakiuza nazi na vitu vingine mtaani, wakajifanya wateja. Nazi kumi ni pesa ngapi? Chenji yangu? Watoto walipata asilimia 98 ya maswali. Baadaye watoto hao hao wakapewa hesabu zenye nambari hizo hizo, safari hii zikiwa zimeandikwa kwenye karatasi kama za shule. Wakapata asilimia 37. Utafiti huo ulitoka mwaka 1985.

Sisi hatuhitaji kwenda Brazili kuamini. Makanga akipewa soo tano na mtu anayelipia wanne wa finje na mmoja wa mbao, anarudisha 280 huku ananing'inia mlangoni na kuita abiria. Muulize makanga huyo alipata nini kwenye mtihani wa hesabu. Usimuulize kwa ubaya.

Kuna kitu kimoja ambacho Kiswahili kinanisaidia kukielewa. Watafiti wamegundua kwamba watoto wengi hawasomi alama ya = kama "ziko sawa." Wanaisoma kama "sasa toa jibu." Mwaka 1999 Karen Falkner, Linda Levi na Thomas Carpenter waliripoti swali hili: 8 + 4 = ☐ + 5. Kati ya wanafunzi 145 wa darasa la sita, hakuna hata mmoja aliyejaza 7. Wengi walijaza 12, wengine 17. Sasa fikiria tunavyolitumia neno "sawa." Kwenye simu tunasema "haya, sawa," na mazungumzo yamekwisha. Hiyo ndiyo = ya wale watoto, alama ya kufunga maneno. Lakini tunalo pia lile "sawa kwa sawa," la kugawana, la mizani isiyolala upande wowote. Hiyo ndiyo = ya aljebra. Mwalimu anayefundisha kwa lugha anayoielewa mtoto ana pa kuanzia hapo.

Na kuanza na maneno kabla ya alama si uvumbuzi wa Moses wala ujanja wa kuwarahisishia wanyonge. Ndivyo aljebra yenyewe ilivyoanza. Al-Khwarizmi, Baghdad, karibu mwaka 820, aliandika kitabu ambacho neno al-jabr kwenye jina lake ndilo lililotupa "aljebra." Lina maana ya kurejesha, kuunga, kama mfupa uliovunjika, ni mzizi ule ule wa "jabari" letu. Kitabu hicho hakina x hata moja. Kila kitu ni maneno, na asichokijua anakiita kwa Kiarabu "kitu" tu. Sehemu kubwa inahusu kugawa urithi. Herufi zilikuja zaidi ya miaka 700 baadaye, kwa Viète mwaka 1591, kisha Descartes mwaka 1637. Wataalamu wa dunia nzima walihitaji karne saba kutoka kwenye maneno hadi kwenye herufi. Sisi mtoto tunampa kipindi kimoja cha dakika 40.

Turudi nyumbani. Kenya tumeshawahi kubadilisha hesabu kwa pupa. Mwaka 1962 wataalamu kutoka Marekani, Uingereza na nchi kadhaa za Afrika walikutana Entebbe, Uganda, kuandika vitabu vya "hisabati mpya," yenye seti na lugha ya kisasa. Kwetu sekondari ikaja na vitabu vilivyotokana na mradi wa Uingereza. Wazazi hawakuielewa, walimu wengi hawakuandaliwa, na mwaka 1981 Rais Moi akaifuta kwa agizo. Miaka minne baadaye ukaanza mfumo wa 8-4-4, na chini yake hesabu ikawa ya lazima kwa kila mtu hadi mwisho wa kidato cha nne. Wengi waliumia, tunajua. Lakini mtoto wa Turkana na wa Lavington walikalia karatasi moja.

Mfumo mpya ulipopangwa, hesabu haikuwa ya lazima tena katika sekondari ya juu. Watu wakapiga kelele, na Aprili 2025 Waziri wa Elimu Julius Ogamba akatangaza kwamba kila mwanafunzi ataisoma, lakini kwa matoleo mawili. Walio kwenye mkondo wa sayansi na teknolojia watasoma Core Mathematics. Walio kwenye sayansi za jamii, na sanaa na michezo, watasoma Essential Mathematics. Januari 2026 Gredi ya 10 ya kwanza ikaingia.

Naelewa nia. Si kila mtu anahitaji logarithi, na kumtesa mchoraji kwa matriki si haki. Swali langu ni lile la Cambridge: nani anamwambia nani achague nini? Msichana mmoja ninayemfunza, wa mlango wa tatu, aliniambia ameshauriwa asijaribu sayansi kwa sababu "hesabu si zake." Ana miaka 14. Ndiye anayemshikia mama yake kibanda cha mboga jioni, na sijawahi kumwona akikosea chenji. Kwenye aljebra kosa lake ni lile la penseli za London, karibu neno kwa neno. Ni kosa linalojulikana tangu miaka ya 1970, lina jina, lina dawa. Wiki tatu tumekuwa tukiandika sentensi kwa Kiswahili kwanza, "idadi ya sukuma mara bei ya fungu," na sasa b yake ni nambari.

Darasa la Moses lilianza na watoto wachache. Maisha na baadhi ya wenzake walifaulu mtihani wa aljebra wa mji, wa kwanza kufanya hivyo kutoka programu yao, na mradi ukasambaa hadi Mississippi yenyewe. Moses alifundisha mpaka uzeeni, akafariki Julai 2021 akiwa na miaka 86. Hakuwahi kudai kwamba kila mtoto atakuwa mhandisi. Alidai kwamba uamuzi wa nani apite usifanywe na karani, kabla mtoto hajafundishwa kwa namna anayoweza kuielewa.

Kwa hivyo kama una mdogo wako Gredi ya 8 ama ya 9, usimwulize alipata alama ngapi. Mwandikie 8 + 4 = ☐ + 5 kwenye karatasi. Akisema 12, msimalize hapo. Mna kazi ya jioni moja, na muda bado upo kabla hajaambiwa achague.